Kadi imegoma kwenye manunuzi makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nilikaa zamu ya usiku kwenye dawati la kadi la benki moja hapa Dar es Salaam. Simu zilizoingia baada ya saa nne usiku zilikuwa za aina mbili: za walioibiwa, na za waliosimama mbele ya kaunta, mara nyingi nje ya nchi, kadi ikiwa imegoma kulipia kitu cha maana. Hawa wa pili ndio waliokuwa wakali zaidi. Maswali yao nimeyakusanya hapa, na nayajibu kwa utulivu ambao simu ya dakika tatu, huku salio la mtu likiyeyuka, haikuwahi kuruhusu.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Kadi walizonazo wengi wetu hukata pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Kadi ya mkopo ni nyingine: benki inamlipa mwenye duka leo, wewe unairudishia benki baadaye, na usipomaliza deni unalipa riba. Mengi nitakayoyaeleza yanahusu kadi zote mbili, ila kwenye ya mkopo benki huwa na roho juu zaidi, maana pesa inayotoka ni ya kwake.

Limiti yangu ni milioni 10, sina deni hata shilingi, nimenunua kitu cha milioni 4. Mbona imekataa?

Limiti ni dari tu. Benki haikuahidi kwamba kila kilicho chini ya dari kitapita. Kila muamala unapimwa upya kana kwamba ndio wa kwanza. Kasome ule mkataba uliousaini bila kuusoma (sote tumefanya hivyo) na utakuta kifungu kinachoipa benki haki ya kukataa muamala wowote inaoutilia shaka.

Halafu, chini ya limiti kubwa kuna limiti ndogondogo ambazo hakuna aliyekutajia ulipokabidhiwa kadi: ya siku moja, ya muamala mmoja, ya manunuzi ya mtandaoni, ya kutoa fedha taslimu, ya kugusisha kadi bila namba ya siri. Wateja wengi niliowapokea hawakuwa wametiliwa shaka yoyote. Waligonga limiti ya siku, basi.

Nani hasa anayekataa? Duka, Visa, au benki?

Karibu kila mara ni benki iliyokupa kadi. Ukichanja, mashine ya duka inatuma ombi kwa benki inayomhudumia mwenye duka, ombi linapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, linafika kwa benki yako, na jibu linarudi njia hiyohiyo. Safari nzima ni sekunde chache. Ndani ya muda huo benki yako imeangalia kama kadi iko hai, kama chipu imejibu sawasawa, kama namba ya siri ni yenyewe, kama limiti zote zinaruhusu, na kama muamala unafanana na wewe.

Hilo la mwisho ndilo linalozaa ugomvi.

Benki inahesabu kiasi gani kuwa "kikubwa"?

Hakuna namba moja, na anayekutajia namba anakudanganya. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayelipia mabati na saruji ya milioni 15 kila wiki mbili, siku akilipa milioni 18 mashine haikohoi. Mwalimu ambaye kadi yake inajua mafuta ya gari na mahitaji ya nyumbani, elfu hamsini hapa, laki moja pale, akinunua friji na TV za milioni 3 Jumapili usiku anaweza kusimamishwa papo hapo.

Kwa hiyo ukubwa unapimwa kwa kukulinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita na wa mwaka jana. Ndiyo sababu kadi mpya huwa na nuksi: haina historia, na benki haijui bado wewe ni mtu wa namna gani. Mtu anayepokea kadi Jumatatu na kwenda kununua seti nzima ya sofa Jumanne anajitafutia simu.

Zaidi ya kiasi, ni nini kinachoishtua benki?

Cha kwanza ni aina ya kitu. Mwizi hataki friji. Anataka kitu kitakachogeuka pesa kabla jua halijazama. Dhahabu, simu, kompyuta, kadi za zawadi. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi ana namba ya tarakimu nne inayoeleza biashara yake: 5411 ni supamaketi, 5944 ni maduka ya vito na saa, 5732 ni vifaa vya elektroniki, 8062 ni hospitali, 8220 ni vyuo, 7995 ni kamari. Benki haioni umenunua nini. Inaona namba hiyo, kiasi, mahali na saa. Milioni 8 kwa 8220 mwezi wa Septemba ni mzazi analipa ada. Milioni zilezile kwa 5944 saa nne usiku katika nchi ambayo kadi haijawahi kufika ni hadithi tofauti. Na wakati mwingine namba yenyewe ni ya uongo. Niliwahi kumhudumia mama aliyekataliwa kwenye duka la mapazia, kumbe mwenye duka alikuwa akitumia mashine ya POS ya biashara yake ya zamani, na kwenye kompyuta yangu yule mama alionekana yuko kwenye kasino.

Cha pili ni mahali na mwendo. Kadi ikinunua mafuta Mwanza saa tano asubuhi, haiwezi kununua saa ya mkononi Dubai saa nane mchana, labda mtu awe na mbawa.

Cha tatu ni mpangilio, na hapa watu wema hujichongea bila kujua. Wenye namba za kadi za wizi huzijaribu kwanza kwa kiasi kidogo, dola moja au mbili, kuona kama ziko hai. Zikipita, wanapiga kubwa. Sasa fikiria mteja mwangalifu anayesema, "Ngoja nijaribu kwanza kwa kununua soda, nikiona imekubali ndipo nilipie mkufu." Amefuata hatua za mwizi neno kwa neno.

Cha nne ni namna kadi ilivyoingizwa. Chipu pamoja na namba ya siri ni ushahidi mzito, kwa kuwa kuinakili chipu ni kazi ngumu sana. Namba za kadi zilizochapwa kwenye tovuti ni ushahidi mwepesi, kwani yeyote aliyezipiga picha anaweza kuzichapa. Manunuzi yaleyale ya milioni 5 yana nafasi nzuri zaidi ukiwa dukani umeichomeka kadi kuliko ukiwa kitandani umeshika simu.

Kuna mtu anayekaa anatazama ninavyonunua?

Zamani alikuwepo, kwa namna fulani. Kabla ya mashine za leo, hotelini na kwenye maduka ya watalii kulikuwa na kile kidude cha chuma kinachokwaruza kadi juu ya karatasi ya kaboni. Kila duka lilipewa kiwango. Ukinunua chini yake unasaini na kuondoka, ukizidi mwenye duka ananyanyua simu kuomba idhini, nawe unasubiri. Visa walianza kutoa idhini kwa kompyuta mwaka 1973, na kidogokidogo yule mtu wa simu akaondoka.

Kilichokuja kuchukua nafasi yake ni alama. Mwaka 1992 kampuni ya HNC Software ya San Diego, Marekani, ilileta mfumo uitwao Falcon, unaotumia mitandao ya neva bandia, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, kujifunza tabia ya kila kadi na kuupa kila muamala alama ya hatari, mwisho 999. FICO, kampuni ya Marekani inayopima hatari ya wakopaji, waliinunua kampuni hiyo mwaka 2002 na Falcon bado inatumika duniani kote. Visa na Mastercard nao wana mifumo yao ya alama, inayofanya kazi wakati ombi linapita kwao kuelekea benki.

Benki ndiyo inayochora mstari. Alama ikivuka mstari, kadi inakataa. Mstari ukiwa chini sana unaumiza wateja safi. Ukiwa juu sana unawapitisha wezi. Nimekaa kwenye vikao vya kubishana kuhusu mstari huo, na naweza kusema hakuna anayejua mahali pake sahihi. Mtu wa idara ya hasara za wizi anataka ushuke, wa idara ya biashara anataka upande, kwa sababu mteja aliyekataliwa mbele ya wakwe zake hasahau.

Mtu mwenye macho anakuja baadaye. Mimi nilikuwa naona foleni ya tahadhari kwenye skrini, na karibu zote zilihusu kadi zilizokwisha kukataliwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga simu na kuuliza, "Samahani, ni wewe?"

Kwa nini keshia hawezi kuniambia sababu?

Kwa sababu haijui. Mashine yake inapokea namba ya tarakimu mbili tu. 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 61 umezidi kiasi unachoruhusiwa, 65 umezidisha idadi ya miamala, 91 benki yako haipatikani. Inayochosha ni 05, ambayo maana yake ni kwamba benki imekataa, usiulize. Wasiwasi wa wizi una namba yake, 59, lakini benki nyingi hupenda kuuficha ndani ya 05 ili anayeshika kadi, kama ni mwizi, asijue amegundulika. Mashine nyingine hata namba hazionyeshi; zinatoa karatasi yenye neno moja.

Ukiona namba kwenye karatasi, itunze. Ukimpigia mtu wa benki ukamwambia "imeniletea 61", umempunguzia nusu ya kazi.

Nimesimama kaunta, kadi imegoma, watu wananitazama. Nifanye nini?

Usirudie. Najua mkono unawasha, na keshia mwenyewe atakwambia "tujaribu tena", lakini kila jaribio linaandikwa, na majaribio matano ndani ya dakika kumi yanaonekana kama mtu anayehangaika na kadi isiyo yake. Ukikosea namba ya siri mara tatu mfululizo, kwenye benki nyingi kadi inajifunga na hadithi inakuwa nyingine kabisa.

Tazama simu yako. Huenda kuna ujumbe au arifa kwenye programu ya benki inayouliza kama muamala ni wako. Jibu hapo na mara nyingi kadi inafunguka yenyewe ndani ya dakika chache. Kama hakuna kitu, piga namba iliyo nyuma ya kadi. Usitumie namba uliyoitafuta mtandaoni kwa haraka, huko matapeli nao wameweka za kwao. Ukishathibitisha, mwambie mwenye duka aanzishe muamala upya kabisa na uchomeke chipu badala ya kugusisha.

Simu moja siisahau. Mfanyabiashara wa Kariakoo alikuwa Deira, penye soko la dhahabu la Dubai, ananunua vitu vya harusi ya binti yake. Duka la kwanza kadi ilikataa. Akajaribu mara mbili zaidi. Akahamia duka la jirani, akajaribu kiasi pungufu. Akahamia la tatu. Aliponipigia alikuwa anahema, na kwangu skrini ilionyesha maduka matatu ya vito, majaribio sita, robo saa. Ningekuwa mashine, na mimi ningeifunga. Nikamwuliza maswali ya utambulisho, akajibu huku akinitukana kwa adabu ("kijana wangu, wewe huoni aibu?"), na kuifungua kadi kulinichukua dakika nne. Angepiga baada ya jaribio la kwanza, angekuwa hotelini anakunywa chai.

Nikiwapigia kabla ya kununua, inasaidia?

Inasaidia kama unayezungumza naye anabadilisha kitu kwenye mfumo. Ukimwambia "nitasafiri" naye akajibu "safari njema", hamjafanya chochote. Mwombe mambo mahususi: apandishe limiti ya siku mpaka tarehe fulani, athibitishe kwamba kadi imefunguliwa kwa nchi hiyo na kwa mtandao kama utanunua mtandaoni, na asome namba ya simu aliyonayo kwenye kumbukumbu. Benki kadhaa za kwetu siku hizi zinakuruhusu kuyafanya mengi ya haya mwenyewe kwenye programu.

Kwa walioko Marekani mambo ni tofauti kidogo. Baadhi ya watoaji wakubwa wa kule wameacha kupokea taarifa za safari. Wanasema mifumo yao inatosha. Ninawaamini nusu. Hata hivyo wanachokitaka zaidi ni kukupata haraka kwenye simu, na hilo lina mantiki.

Ninanunua mtandaoni, inaniambia niweke namba iliyotumwa kwa SMS, na SMS haiji.

Hili ndilo tatizo dogo linaloharibu manunuzi makubwa kuliko yote. Ule ukurasa unaokuuliza namba ni wa benki yako. Visa walianza utaratibu huo mwaka 2001, na Ulaya sheria imeanza kuulazimisha tangu tarehe 14 Septemba 2019. Muamala mdogo unaweza kuruhusiwa bila swali. Mkubwa karibu lazima uulizwe.

Sasa SMS inakwenda kwenye laini gani? Laini uliyoandikisha ulipofungua akaunti mwaka ule, ambayo umeshaitupa? Au ile iliyobaki kwenye simu ndogo nyumbani Morogoro wakati wewe uko Guangzhou? Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu na baadaye kupewa mtu mwingine, kwa hiyo inawezekana sasa hivi kuna mtu asiyekujua anapokea namba zako na kujiuliza ni za nini. Kabadilishe namba tawini kabla ya kusafiri. Na kama benki yako inaruhusu kuthibitisha ndani ya programu, washa huduma hiyo, kwani inafanya kazi kwa Wi-Fi ya hoteli.

Nigawe malipo mara tatu ili yapite?

Ukigawa kukwepa limiti, unaongeza shaka: malipo matatu yanayofanana, duka moja, dakika tano. Na mwenye duka anayekubali kuvunja bei moja vipande vipande ili kukwepa idhini anavunja kanuni za mitandao ya kadi. Ukitokea mgogoro, yeye ndiye ataumia. Malipo ya awali leo na kumalizia siku ya kupokea mzigo ni jambo lingine, hilo ni biashara halali na hakuna anayelinuna.

Lakini matajiri wanalipia majumba kwa kadi. Wao wana kadi gani?

Wana uhusiano. Mfano unaopendwa ni wa Liu Yiqian, tajiri wa China aliyewahi kuendesha teksi. Mwaka 2014 alinunua kikombe kidogo cha enzi ya Ming, chenye picha za kuku, kwenye mnada wa Sotheby's Hong Kong kwa dola za Hong Kong milioni 281.24, karibu dola milioni 36 za Marekani. Alilipa kwa kadi ya American Express, akaichanja mara 24, kisha akanywea chai kwenye kikombe chenyewe na nusu ya China ikamkasirikia. Mwaka uliofuata akanunua mchoro wa Modigliani kwa dola milioni 170.4 kwenye mnada wa Christie's New York, akatangaza kwamba na huo unakwenda kwenye kadi.

Mtu hafiki hapo kwa kubahatisha kwenye kaunta. Malipo ya namna hiyo hupangwa kabla na mtoa kadi na muuzaji. Inaelekea zile mara 24 zilikuwa mpangilio ambao wote walikuwa wakiujua, ndiyo maana zikapita wakati mara zako tatu pale Mlimani City zimekufungia kadi.

Ipo pia kadi inayotangazwa kuwa haina limiti iliyopangwa. Watu husikia "haina limiti" na kuruka neno la mwisho. Limiti ipo, ila inahesabiwa upya kila mara kutokana na ulivyolipa, unachodaiwa na kipato chako. American Express wana sehemu kwenye tovuti yao ambapo mwenye kadi huandika kiasi anachotaka kutumia na kuambiwa kama kitapita. Ningependa kila benki iwe na kitu hicho. Kingetuokoa sote usingizi.

Imekataa, lakini salio limepungua. Wameniibia?

Hapana, wameshikilia. Benki ikitoa idhini, hutenga kiasi hicho hata kama mauzo hayakukamilika, kwa mfano mtandao ulikatika kabla jibu halijafika dukani. Duka likijaribu mara ya pili na ikapita, unaona vitu viwili. Kimoja ni malipo, kingine ni pesa iliyoshikiliwa, na itaachiwa muda wa idhini ukiisha. Kwa maduka kawaida ni kama siku 7, kwa hoteli na magari ya kukodi huweza kufika 30. Ukiwa na haraka, mwombe mwenye duka aifute idhini upande wake na akupe uthibitisho.

Hoteli zina tabia ya kushikilia zaidi ya bei ya chumba. Wasafiri wengi huvuka limiti bila kununua chochote, kwa kuingia hotelini tu.

Bei ni dola, kadi ni ya shilingi. Nimepiga hesabu inatosha kabisa, imekataa.

Umepiga kwa kiwango cha ubadilishaji ulichokiona mtandaoni. Kadi inatumia kiwango chake, juu yake benki inaweka ada ya fedha za kigeni. Acha nafasi ya asilimia tano hivi. Na mashine ya nje ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi, chagua fedha ya pale pale. Kiwango cha mashine huwa kinamnufaisha mwenye mashine.

Nimepigiwa simu: "Tumeona muamala mkubwa kwenye kadi yako, tunataka kuuzuia." Ni benki kweli?

Inawezekana. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ndiyo maana pia matapeli wanaipenda hiyo sentensi kuliko "ile hela tuma kwenye namba hii", ambayo sasa hata watoto wanaicheka.

Tofauti iko kwenye kinachoombwa. Mimi nilikuwa nauliza: je, umefanya muamala wa kiasi hiki, duka hili, saa hii, ndiyo au hapana? Sikuhitaji namba ya siri, sikuhitaji tarakimu tatu za nyuma, na kamwe sikuhitaji namba iliyotumwa kwa SMS. Anayeiomba hiyo namba yuko kwenye ukurasa wa malipo muda huohuo, amekwisha kuchapa namba ya kadi yako na amekwama hapo tu. Kata simu, geuza kadi, piga namba iliyoandikwa nyuma. Ofisa wa kweli hatakasirika, nilikuwa nawaambia wateja wenyewe, "mama, kama una wasiwasi kata, unipigie wewe."

Nikinunua kitu kikubwa, serikali inaambiwa?

Watu huchanganya na ile dola 10,000 ya Marekani. Kiwango hicho ni cha fedha taslimu: benki inaripoti noti zikizidi hapo kwa siku, na mfanyabiashara anayezipokea naye anaripoti. Kuchanja kadi kwa dola 12,000 hakuingii humo. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu tangu mwaka 2006, Kenya ina ya mwaka 2009, na zote zinaitaka benki itoe taarifa ya miamala inayotia shaka. Sofa na ada ya shule havimo. Mtu wa kipato cha laki sita anayeweka milioni 40 taslimu kwenye kadi ya mkopo kisha anaomba arudishiwe salio, huyo anaulizwa.

Itaniharibia rekodi ya mikopo?

Kukataliwa dukani hakuripotiwi popote. Kununua hadi karibu na limiti kunaweza kukugusa kama uko Marekani, ambako kwenye alama ya FICO kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30. Ukilipa, alama inapanda tena. Kenya na Tanzania kinachokupeleka CRB (ofisi za kumbukumbu za mikopo) vibaya ni kuchelewa kulipa.

Kadi ya Visa ya M-Pesa nayo inatazama tabia?

Hiyo ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2022, si kadi ya mkopo. Inatumia pesa iliyomo kwenye M-Pesa. Ikigoma hapo, tazama kwanza viwango vya M-Pesa vyenyewe. Tangu Agosti 2023 Kenya kiwango cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, na cha siku ni 500,000.

Niko Uingereza au Marekani. Nina kinga gani kwenye manunuzi makubwa?

Nzuri, na ni sababu tosha ya kulipa kitu kikubwa kwa kadi ya mkopo. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 kinamfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Duka la samani likifilisika kabla ya kukuletea kabati, unaidai benki. Marekani, mwizi akitumia kadi yako ya mkopo, sheria inakubebesha dola 50 zisizozidi, na watoaji wengi hawakudai hata hizo.

Kwetu unategemea zaidi mkataba wa benki na kanuni za Visa au Mastercard. Kama namba ya siri ilitumika, jiandae kubishana.

Yangu halali ya milioni 4 waliikataa. Ya mwizi, jumla milioni 2, waliipitisha yote. Inakuwaje?

Swali hili nimeulizwa na mzee mmoja wa Tanga kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko matusi. Nilifungua rekodi yake tukaisoma pamoja. Mwizi alinunua vocha na mahitaji ya supamaketi, elfu themanini, laki moja na ishirini, elfu tisini, siku kumi na saba, saa za mchana, kwenye maduka ya mji uleule ambao mzee hununua. Kila muamala ulifanana naye. Ule wa milioni 4 ulikuwa pampu ya kisima, mara yake ya kwanza kununua kitu cha namna hiyo maishani.

Alikuwa na arifa za SMS alizozizima kwa kuwa zinakatwa hela. Tuliziwasha siku hiyo, tukajaza fomu ya kupinga miamala yote kumi na tisa, na kwa bahati alikuwa bado ndani ya muda unaoruhusiwa kupinga. Pampu aliinunua wiki iliyofuata kwa fedha taslimu, akaniambia hataki tena kuombwa radhi na mashine.